Les Rallizes Dénudés: uanzie rekodi ipi?

Bendi nyingi za roki zina albamu rasmi, halafu pembeni kuna makombo: nyimbo zilizoachwa studio, kanda za maonyesho, kopi zinazozunguka kwa mashabiki. Kwa Les Rallizes Dénudés, bendi ya Kijapani ambayo kwao huitwa Hadaka no Rallizes, makombo ndiyo chakula chenyewe. Ilianzishwa Kyoto mwaka 1967 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Doshisha, ikapiga hadi 1996, na muda wote huo haikufuata njia ya kawaida ya kuingia studio, kumaliza albamu na kuipeleka sokoni. Tulichonacho ni kanda za maonyesho, pamoja na majaribio machache ya studio ambayo kiongozi wao, Takashi Mizutani, aliyakalia kwa miaka mingi.

Ndiyo maana mtu anayetaka kuanza kuwasikiliza hukwama. Anakuta majina chungu nzima, mengine ya Kiingereza, mengine ya Kifaransa, mengine ni tarehe na jina la ukumbi tu. Wimbo uleule unatokea mara tano, kila mara kwa urefu tofauti. Kopi za magendo zimechanganyika na matoleo rasmi. Asiyejua hushika ya kwanza inayomjia, na ikiwa ni kanda mbovu ataondoka akidhani bendi yenyewe ni mbovu. Hilo linaniuma, kwa sababu kuna muziki mkubwa humu ndani, na mlango wa kuingilia unategemea sana wewe ni msikilizaji wa aina gani.

Kwanza historia kidogo, ili majina yasikuchanganye.

Mizutani ndiye aliyekuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi, na ndiye pekee aliyebaki tangu mwanzo hadi mwisho. Wengine waliingia na kutoka. Anayetajwa zaidi ni mpiga besi wa mwanzo, Moriaki Wakabayashi, ambaye tarehe 31 Machi 1970 alikuwa mmoja wa vijana tisa wa Jeshi Jekundu, kundi la Kijapani la mrengo wa kushoto lenye msimamo mkali, walioteka ndege ya Japan Airlines na kwenda nayo Korea Kaskazini. Kisa hicho kimeiandama bendi tangu siku hiyo, na wengi hulijua jina lake kwa utekaji kabla ya kusikia hata noti moja. Mizutani yeye alihamia Tokyo, akaendelea kupiga kumbi ndogondogo, akivaa nyeusi na miwani ya giza, akikwepa waandishi wa habari.

Mwaka 1991 aliwashangaza watu kwa kutoa CD tatu kwa mpigo: '67-'69 Studio et Live, Mizutani na '77 Live. Zilichapwa chache, zikaisha, na bei yake kwa wakusanyaji ikapaa. Pengo hilo ndilo lililojazwa na watu wa magendo. Mizutani alifariki Desemba 2019, lakini dunia ilikuja kuambiwa mwaka 2021, wakati tovuti rasmi ya The Last One Musique ilipotangaza kifo chake na kusema kwamba kazi zake sasa zitasimamiwa na kutolewa kihalali. Aliyekabidhiwa kuzisafisha kanda ni Makoto Kubota, mwanamuziki aliyekuwa rafiki wa Mizutani tangu Doshisha na aliyewahi kupiga na bendi hiyo. Nje ya Japani matoleo hayo yanatoka kwa lebo ya Temporal Drift ya Marekani.

Tunapimaje?

Nitatumia vipimo vinne kwa kila rekodi.

Cha kwanza ni sauti, na hapa pana jambo la kuelewa kabla ya yote. Muziki huu una kelele za aina mbili. Ya kwanza ni ya makusudi: Mizutani analisogeza gitaa mbele ya amplifaya hadi sauti inaanza kujizaa yenyewe na kulia bila kukoma, kisha anaiendesha kama anavyotaka, huku mwangwi mzito ukiifunika sauti yake ya kuimba. Ya pili ni ya kanda: kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, mpaka besi imepotea na ngoma zinasikika kama mvua kwenye bati. Ya kwanza ndiyo sanaa. Ya pili ni uchakavu tu, ingawa nakiri kwamba wapo mashabiki wa siku nyingi waliouzoea uchakavu huo hadi wanaukosa ukiondolewa. Ukisikiliza rekodi yao yoyote, jiulize: kelele hii inatoka jukwaani au inatoka kwenye kanda?

Cha pili ni nyimbo zenyewe: zipi zimo, zina urefu gani, na kuna melodia kiasi gani chini ya dhoruba. Mizutani hakuwa na nyimbo nyingi. Alikuwa na chache alizozirudia kwa miaka, na ule wa The Last One, ambao bendi ilikuwa na desturi ya kufungia maonyesho yake, ndio rula nzuri kuliko zote ya kulinganishia miaka.

Cha tatu ni chanzo: nani ameitoa, fedha inakwenda wapi, na wewe uliye mbali na Tokyo utaipataje.

Cha nne, inamfaa nani.

'77 Live

Sauti. Hii ni rekodi ya onyesho la tarehe 12 Machi 1977 katika ukumbi wa elimu ya jamii wa Tachikawa, mji ulio magharibi mwa Tokyo. Ni ukumbi wa serikali ya mtaa, wa mikutano na semina, lakini usiku ule ulimezwa mzimamzima. Gitaa la Mizutani limetangulia kila kitu. Sauti yake iko mbali kidogo, imezama kwenye mwangwi. Besi inatembea chini bila kubadilika, mizunguko ileile kwa dakika kumi na zaidi, na ngoma zinaishikilia. Kelele hapa karibu yote ni ya makusudi. Toleo la 2022 lililosafishwa limeipa besi uzito ambao kopi nyingi za magendo za onyesho hili hazina, na tofauti hiyo si ndogo: ukiipoteza besi umepoteza muziki wote, kwa sababu yenyewe ndiyo inayokueleza uko wapi wakati gitaa limeshaacha kukueleza lolote.

Nyimbo. Ziko saba katika diski mbili. Inaanza na Enter the Mirror, polepole, gitaa likielea kabla ya kuungua. Inafuata Night of the Assassins, na hapa pana siri tamu. Besi yake imejengwa juu ya wimbo wa mapenzi wa kitoto, I Will Follow Him, ambao Little Peggy March aliupeleka namba moja Marekani mwaka 1963. Chukua noti hizo nyepesi, zipigwe bila kubadilika, kisha gitaa lishuke juu yake kama nyumba inayobomoka. Kila ninaposikia mahali pale gitaa linapovunja ukimya baada ya ubeti, napata wazo lilelile: Mizutani hakuwa akificha melodia kwa kelele, alikuwa anaipima nguvu yake, na melodia haikuvunjika. Mwisho kabisa inakuja The Last One, kama dakika 25. Hiyo usiisikilize ukiwa na haraka.

Chanzo. Rasmi tangu 1991, na tena 2022. Inapatikana kwa santuri, CD na kidijitali. Msomaji aliye Afrika Mashariki ajue kwamba santuri za kuagiza nje ni nzito, nauli na ushuru vinaweza kulingana na bei yenyewe au kuipita. Kununua kidijitali kwenye Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ndiyo njia nyepesi, na ukishapakua huhitaji bando tena.

Inamfaa nani. Anayependa gitaa la umeme na asiyeogopa sauti kubwa. Pia anayetaka kujua kwa nini bendi hii inatajwa na wanamuziki wa kelele wa kizazi kilichofuata. Haimfai mtu anayesikiliza kwa simu kwenye basi: spika ndogo huiua besi, na kinachobaki ni mluzi unaoumiza masikio.

Mizutani

Sauti. Ukitoka kwenye '77 Live ukaingia hapa unaweza kudhani umekosea bendi. Gitaa ni la kawaida lisilo na umeme kwa sehemu kubwa, sauti iko karibu, na kuna utulivu mwingi. Kanda zenyewe ni za karibu na mwaka 1970, zina mchakacho wa hapa na pale, lakini hauzuii kitu.

Nyimbo. Hapa ndipo unamsikia Mizutani kama mtunzi. Kioku wa tooi, yaani kumbukumbu iko mbali, umo humu katika umbo lake la upole, na umo pia katika '77 Live ukiwa umevaa silaha. Kuzisikiliza hizo mbili moja baada ya nyingine ni somo bora kuliko maelezo yangu yote: mistari ileile ya sauti, huzuni ileile, miaka michache tu katikati. Kisha albamu inafungwa na The Last One ya 1970, na hapo umeme unarudi ghafla. Aliyekuwa amelala ataamka.

Chanzo. Sawa na '77 Live: 1991, kisha 2022, kidijitali na santuri.

Inamfaa nani. Msikilizaji wa nyimbo za gitaa na sauti, anayetaka kusikia maneno yakitamkwa hata kama haelewi Kijapani. Inamfaa pia anayeishi na watu wengine na hawezi kufungulia spika. Wapo wanaoipita kwa sababu haina dhoruba, na mimi naona wanajinyima, kwa kuwa bila hii utadhani Mizutani alikimbilia kelele kwa kukosa nyimbo.

'67-'69 Studio et Live

Sauti. Ghafi kuliko zote tatu za 1991. Baadhi imerekodiwa studio, baadhi jukwaani, na ubora unapanda na kushuka kutoka wimbo hadi wimbo. Nyingine zina ukungu wa kanda usiokwepeka.

Nyimbo. Fupi zaidi, karibu na roki ya vijana wa miaka ile ya 1960: Vertigo Otherwise My Conviction unaweza kuupigia mguu. Lakini Smokin' Cigarette Blues ni ukuta mtupu wa kelele, na ukikumbuka ni wanafunzi wa Kyoto wa mwisho wa miaka ya 1960, wakati vyuo vya Japani vimejaa migomo na vizuizi vya barabarani, unaelewa kwamba sauti hii haikuwa mapambo. Ni kipindi ambacho Wakabayashi bado yumo.

Chanzo. Kama mbili zilizotangulia.

Inamfaa nani. Mpenda historia, na anayekusanya roki ya miaka ya 1960 kutoka duniani kote. Kwa mgeni kabisa naiona ni ngumu kuanzia, si kwa ukali, bali kwa kuwa inakuonyesha bendi inayojitafuta.

The OZ Tapes

Sauti. Oz ilikuwa klabu ndogo ya Kichijoji, Tokyo, iliyoishi kati ya 1972 na 1973 tu. Ilipokuwa inafungwa, wenyewe walitoa santuri mbili za kumbukumbu, Oz Days Live, zenye bendi zilizokuwa zikipiga pale, wakiwemo Taj Mahal Travellers, na Les Rallizes Dénudés wakapewa upande mmoja. Kwa miaka mingi upande huo mmoja ndio uliokuwa karibu kila kitu ambacho bendi ilikuwa imetoa kwa idhini yake. Mwaka 2022 kanda za Oz zilifunguliwa upya, Kubota akazisafisha, na sehemu ya Les Rallizes ikatolewa peke yake ikiwa na mengi zaidi ya yale ya 1973. Unasikia chumba hasa: ngoma ziko karibu, gitaa lina makali lakini halijafunika kila kitu, na kuna hewa kati ya chombo na chombo. Kati ya rekodi zao za umeme za miaka ya 1970, hii ndiyo rahisi zaidi kwa sikio.

Nyimbo. Ziko katikati ya njia. Upole wa Mizutani bado unasikika, ukali wa 1977 unakaribia. Nyimbo zinabaki na umbo, zina mwanzo na mwisho unaoonekana. The Last One humu ina mwendo wa kusogea, bado haijawa bahari.

Chanzo. Rasmi, na kwa maoni yangu ndiyo toleo lililofanyiwa kazi kwa uangalifu mkubwa zaidi. Hapa fedha yako inalipia kanda za asili kutunzwa.

Inamfaa nani. Mtu anayependa roki ya kisaikedeliki ya miaka ya 1970 ambaye anataka kuingia hatua kwa hatua. Pia mwanamuziki: mpiga besi au mpiga ngoma atapata mengi hapa, kwa sababu anaweza kusikia kila mmoja anafanya nini. Anayetafuta kishindo chenyewe ataiona ina adabu mno.

CITTA' '93

Sauti. Tarehe 13 Februari 1993, Club Citta' mjini Kawasaki. Ukumbi mkubwa, vyombo vya kisasa, na miaka hiyo bendi ilikuwa ikipanda jukwaani kwa nadra sana. Kubota ndiye aliyechanganya na kusawazisha sauti zake, na imetoka rasmi baada ya kifo cha Mizutani. Ni pana, nzito, na safi kwa kiwango ambacho kanda za zamani haziwezi kufika. Sauti kubwa kabisa bila uchakavu: kelele yote unayoisikia ni ya jukwaani. Kwa kipimo cha kwanza pekee, ndiyo inayoongoza.

Nyimbo. Ndefu, na za polepole kuliko zamani. Mizutani alikuwa mtu mzima sasa, na wenzake ni wapya. Kinachokosekana ni ule wasiwasi wa 1977, hisia kwamba lolote linaweza kuanguka dakika yoyote. Kinachopatikana ni uzito wa mtu anayejua anakokwenda. Kuna wanaosema ni bendi iliyochoka. Mimi sisikii uchovu, nasikia subira.

Chanzo. Rasmi. Ni ndefu, hivyo santuri zake ni kadhaa na bei hupanda ipasavyo. Kidijitali haina shida hiyo.

Inamfaa nani. Mwenye spika nzuri au hedifoni nzuri, anayejali ubora wa sauti, au anayesikiliza muziki wa taratibu na mzito wa siku hizi. Inamfaa pia aliyejaribu kopi mbovu zamani akakata tamaa.

Rekodi za magendo

Hizi lazima nizizungumzie kwa haki, maana bila hizo huenda leo tusingekuwa na mazungumzo haya. Kati ya miaka ya 1990 na 2010, wakati CD za 1991 zimeadimika na Mizutani amekaa kimya, ni santuri na CD za magendo zilizoibeba bendi hii kutoka Japani hadi Ulaya na Marekani.

Sauti. Bahati nasibu. Nyingine zinashangaza kwa ubora, nyingine zimerekodiwa na mtu aliyekaa nyuma ya ukumbi na kinasa sauti mfukoni. Jina kwenye jalada halikuhakikishii kitu: tarehe zinakosewa, onyesho moja linauzwa kwa majina matatu. Mfano wa kukumbuka ni Heavier Than a Death in the Family, pengine kopi ya magendo maarufu kuliko zote. Sehemu yake kubwa ni onyesho lilelile la Tachikawa la 12 Machi 1977. Ukiwa na '77 Live, tayari unayo kwa kiasi kikubwa. Wapo waliolipa mara mbili kwa usiku mmoja bila kujua.

Nyimbo. Hapa ndipo magendo yanapojitetea. Kuna vipindi ambavyo kwa miaka havikuwa na toleo rasmi lolote. Kikubwa ni ule muda mfupi wa 1980 hadi 1981 ambapo Fujio Yamaguchi, mpiga gitaa wa bendi ya Murahachibu ya Kyoto, alijiunga na Mizutani. Magitaa mawili yanayogombana na kupatana, moja la bluzi lenye mikwaruzo, jingine la dhoruba. Sanduku la magendo liitwalo Double Heads limejengwa juu ya kipindi hicho, na mashabiki wengi wanakipenda kuliko hata 1977. Lakini sasa kuna YaneUra Oct. '80, toleo rasmi la onyesho la Oktoba 1980 katika klabu ndogo ya Yaneura mtaani Shibuya, Yamaguchi akiwemo. Kwa hiyo sababu ile ya kusema hakuna pengine pa kuipata imepungua nguvu, na kadiri kanda nyingine zinavyotolewa itaendelea kupungua.

Chanzo. Mwenye haki hapati kitu. Ni kweli Mizutani mwenyewe hakuuza rekodi kwa miaka, na wapo wanaosema alinyamaza kwa hiari yake. Kunyamaza kwa mtunzi hakumpi mwingine ruhusa ya kuuza kazi yake. Leo ambapo kuna watu waliokabidhiwa kanda na wanazitoa moja baada ya nyingine, fedha inayokwenda kwa mchapaji wa magendo ni fedha iliyokosekana kwenye usafishaji wa kanda inayofuata. Huo ndio msimamo wangu. Anayesikiliza kopi ya zamani ya onyesho ambalo halijatolewa bado, bila kumlipa mwizi, sioni namlaumuje.

Inamfaa nani. Aliyekwisha sikiliza matoleo rasmi na anafuatilia wimbo mmoja kutoka mwaka hadi mwaka. Kwa mgeni, hapana.

Sasa chagua kwa hali yako

Kama hujawahi kusikia bendi hii na hujui utaipenda au la, usinunue chochote kwanza. Sikiliza nyimbo mbili: Kioku wa tooi ya albamu ya Mizutani, kisha Night of the Assassins ya '77 Live. Ya kwanza ikikugusa kuliko ya pili, endelea na Mizutani halafu The OZ Tapes, na hiyo 1977 iache mpaka utakapokuwa tayari. Ya pili ikikugusa, nenda moja kwa moja '77 Live nzima, kwa mpangilio wake, bila kuruka wimbo.

Kama umetoka kwenye muziki mzito wa gitaa, iwe metali au kelele za majaribio, uamuzi ni kati ya '77 Live na CITTA' '93. Ukitaka hatari, 1977. Ukitaka uzito na usafi wa sauti, 1993. Mwenye spika kubwa nyumbani aanze na ya pili, kwa kuwa ndiyo itakayozitendea haki; mwenye hedifoni za kawaida aanze na ya kwanza, na apunguze sauti kidogo kabla ya Enter the Mirror kufika katikati, masikio hayana akiba.

Kama unapiga ala mwenyewe, anza na The OZ Tapes na ufuate besi tu kwa mzunguko wa kwanza wa kusikiliza. Halafu YaneUra Oct. '80, ufuate magitaa mawili.

Kama kinachokuvuta ni kile kisa cha ndege ya 1970 na siasa za wanafunzi, '67-'69 Studio et Live ndiyo rekodi ya wakati huo. Usitegemee kusikia hotuba wala kaulimbiu, hakuna. Kuna vijana na amplifaya zilizofunguliwa hadi mwisho.

Kama bajeti inaruhusu moja tu na hutaki kujuta, angalia unasikilizaje zaidi ya unapenda nini. Usiku, peke yako, kwa sauti ya chini: Mizutani. Mchana, nyumba tupu, kwa sauti ya juu: '77 Live. Katikati ya shughuli, kazini au safarini: The OZ Tapes, maana nyingine zote zinadai ukae chini.

Na kama tayari unazo tatu za 1991, usikimbilie magendo. Chukua YaneUra Oct. '80 kwanza. Kisha tengeneza orodha ya The Last One kwa mfuatano: 1970, 1973 (ile ya The OZ Tapes) na 1977. Isikilize mara moja bila kukatisha, utaona ni mwaka gani unaotaka kuurudia, na hapo ndipo utafute maonyesho mengine ya karibu na mwaka huo.